Kila mmoja ajibu kwa kinywa chake: kuhusu safari ya skii ya mume na mke

Mheshimiwa Mhariri,

Nimesoma kwa makini ukurasa wenu wa safari ulioeleza namna mume na mke wa hapa Lubumbashi wanavyoweza kwenda kuteleza kwenye theluji ya milima ya Alps kwa siku chache. Nawashukuru kwa kuigusa mada hii, kwa maana wapo watu wa mji huu, hasa wale ambao kazi au ndugu huwafikisha Ulaya, wanaotamani safari ya namna hiyo na hawapati mtu wa kuwafafanulia kwa Kiswahili. Hata hivyo, liko jambo moja katika makala ile ambalo siwezi kuliacha lipite. Mwandishi alisema kwamba siku nne zinatosha, na kwamba katika wanandoa yule aliyewahi kuteleza amfundishe mwenzake ili waokoe fedha za mwalimu. Mimi nilifanya hivyo hasa, mwezi wa Januari 2024, na goti la mke wangu ndilo lililolipa.

Nilisoma miaka miwili Grenoble, mji wa Ufaransa ulio karibu na Alps, nikiwa kijana, na wenzangu wa chuo walikuwa wakinichukua milimani siku za Jumapili. Kwa hiyo nilipompeleka mama wa watoto wangu, ambaye hakuwahi kugusa theluji, nilijiona mwenyeji. Asubuhi ya kwanza tuliingia katika duka linalokodisha vifaa. Kijana wa dukani alimkalisha mke wangu kwenye benchi, akampima mguu, akamvalisha buti ya plastiki ngumu inayoshika kifundo cha mguu hata kisiweze kupinda, kisha akachukua karatasi na kumwuliza kilo zake, urefu wake, umri wake, na kama amekwisha kuteleza. Mke wangu alikuwa ameinama, anahangaika na bizimu za buti ile. Nikajibu mimi. Nilitaja kilo 80 kwa kukisia, kumbe alikuwa na 67, na juu ya ujuzi nikasema ni wa wastani, kwa sababu niliona haya kusema kwamba mke wangu hajui kitu.

Ningependa wasomaji wafahamu maswali yale ni ya nini, kwa sababu mtu akiyasikia hudhani ni desturi ya dukani tu. Kila skii, yaani ubao mrefu wa kutelezea, ina vifungio viwili, kimoja mbele ya buti na kingine kisiginoni, na ndani yake mna springi inayokazwa kwa bisibisi hadi kufikia namba fulani. Namba hiyo hutafutwa katika jedwali, kwa kufuata kilo, urefu, umri, urefu wa soli ya buti na ujuzi wa mtu. Kazi ya kifungio ni kuiachia buti mguu unapopindwa kupita kiasi, ili skii iende zake na mfupa ubaki salama. Mtu mzito na mzoefu hukaziwa zaidi, kwa kuwa kasi yake ingeweza kuvifungua bila sababu. Mtu mwepesi anayeanza hulegezewa. Maneno yangu mawili ya dukani yaliikaza springi ya mtu ambaye hakuwepo.

Siku ya tatu, alasiri, baada ya joto lisilo la msimu, theluji ilikuwa imelainika na kuwa nzito kama bukari, yaani ugali, unaokaribia kuiva. Nilikuwa nimempandisha kwenye njia ya bluu, ambayo si ya anayeanza kabisa, nikitangulia na kumwita anifuate. Alianguka taratibu, karibu akiwa amesimama. Skii ya kushoto ikang'ang'ania buti, na goti likageuka peke yake. Waokoaji walifika upesi. Walimlaza kwenye kitanda cha kuteleza, wakamfunika mablanketi hadi kidevuni, mmoja akashika mikono ya mbele ya kitanda na kumteremsha mlima mzima akiwa amefungwa mikanda kama mzigo. Zahanati ya bondeni ikatuambia kwamba kano ya ndani ya goti imechanika. Usiku ule, mguu ukiwa juu ya mito miwili, hakunilaumu kwa mengi. Alisema tu: «Baba Neema, yule kijana aliniuliza mimi.»

Ndiyo maana nasema kwamba kuokoa fedha za mwalimu si kuokoa. Mwalimu huwapeleka wanaoanza kwenye uwanja ulio karibu tambarare, wenye mkanda unaosogea na kumpandisha mtu akiwa amesimama bila kuogopa viti vya hewani, na hapo huwafundisha kwanza kusimama: ncha za skii zikaribiane, visigino viachane, uzito usambae sawasawa. Hamwambii mtu apande juu kabla hajaweza kusimama anapotaka. Mume hana subira hiyo, hata akiwa mpole, kwa sababu saa za likizo zinampita na yeye mwenyewe anatamani kuteleza. Na mke humfuata kwa imani mahali ambapo asingemfuata mgeni. Kwetu sisi wa Katanga kuna faida nyingine: mafunzo ya upande wa Ufaransa hutolewa kwa Kifaransa, lugha ambayo wengi wetu tumesomea, na mtu akiambiwa «kunja magoti kidogo» huelewa mara moja badala ya kukisia.

Kuhusu bima, mwandishi wenu alisema kweli kwamba viza ya Schengen, ile moja inayomwingiza mtu katika nchi nyingi za Ulaya, inadai bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000. Lakini aliishia hapo. Bima inayotosha kupata viza inaweza isitoshe kwenye theluji, kwa kuwa mikataba mingi huiondoa michezo ya majira ya baridi katika ukurasa wa mwisho, kwa herufi ndogo. Yetu tuliinunua hapa mjini, na aliyetuuzia alijua tunakwenda kuteleza, kwa sababu nilimwambia mwenyewe. Hakutuonyesha ukurasa ule, wala mimi sikuusoma. Nchini Ufaransa, sheria ya milima ya tarehe 9 Januari 1985 inairuhusu kommune, yaani serikali ya mji au kijiji, kumdai aliyeokolewa kwenye njia za skii gharama za kumteremsha, na ankara ile tuliilipa sisi, kama tulivyolipa na zahanati. Na huku kwenye dirisha la tiketi za lifti zinazopandisha watu mlimani, asubuhi ya kila siku, palikuwa panauzwa bima ya siku moja inayobeba uokoaji, kwa euro chache tu. Nilipita mbele ya dirisha lile mara tatu.

Makala ilizungumzia viza kwa mistari miwili, nami naona palistahili ukurasa mzima, kwa sababu ndipo safari nyingi za wenzetu huanguka. Kila mmoja wa wanandoa hupeleka dosie yake na hulipa ada yake. Tulipoomba mara ya kwanza ada ilikuwa euro 80. Tangu tarehe 11 Juni 2024 imekuwa 90, yaani 180 kwa wawili, na hairudishwi viza ikikataliwa. Ombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na si chini ya siku 15 kabla. Jibu kwa kawaida hutolewa ndani ya siku 15, lakini kanuni inaruhusu zifike 45, na mwenye busara huhesabu 45. Ombi hupelekwa kwa nchi mtakayokaa siku nyingi zaidi: kushuka Geneva hakuifanyi Uswisi kuwa nchi yenu ya kuomba ikiwa mtalala Ufaransa. Sisi tulilazimika kwenda Kinshasa kutoa alama za vidole, na tiketi mbili za ndege za Kinshasa zilikuwa sehemu ya gharama ambayo hatukuiandika popote. Alama hizo huhifadhiwa miezi 59, hivyo anayeomba tena kabla ya muda huo kwisha kwa kawaida haulizwi upya.

Niongeze jambo linalowahusu wengi wetu kimyakimya. Wapo mume na mke waliooana kwa mila na kanisani, wana watoto na wajukuu, lakini ndoa yao haijaandikwa kommune. Mkisafiri kwa hoja kwamba mmoja ndiye anayemlipia mwenzake, ubalozi utataka cheti cha ndoa, na siku ya miadi si siku ya kuanza kukitafuta. Waende kommune mapema. Tena wasilipie hoteli isiyorudisha fedha kabla ya viza kutoka, na wasisahau karti ya chanjo ya homa ya manjano, ambayo Ulaya hawataiuliza lakini sisi tutaulizwa tukirudi nyumbani.

Suala la mahali nalo lina uzito wake. Makala iliitaja Chamonix ya Ufaransa kwa sababu ya jina lake, na ni kweli kwamba Michezo ya Olimpiki ya kwanza ya majira ya baridi ilifanyika pale mwaka 1924, na kwamba mlima Mont Blanc, wenye zaidi ya mita 4,800, unaonekana kutoka barabarani. Kwa anayeanza, hata hivyo, mji wenyewe uko kwenye mita 1,035 tu, na miteremko yake imetawanyika bondeni kiasi kwamba basi la asubuhi huwa sehemu ya mchezo. Sisi sasa, kwa safari ya pili tunayoipanga, tumechagua Avoriaz, Ufaransa, kwenye mita 1,800, mahali pasipo magari, ambapo mtu hutoka mlangoni akakanyaga theluji. Urefu huo hautatuchosha, kwani Lubumbashi yenyewe iko karibu mita 1,200. Jambo kubwa ni kwamba theluji ya vijiji vya chini haitegemeki tena. Barafu za kudumu za milima ya Uswisi zilipoteza sehemu ya kumi ya ujazo wake katika miaka miwili tu, 2022 na 2023. Nasi tunayo barafu yetu, juu ya Ruwenzori, mpakani mwa nchi yetu na Uganda, na kila anayezipanda njia zile huishuhudia ikirudi nyuma. Sioni kwa nini gazeti la Kiswahili lisiandike habari hizo mbili siku moja.

Wakati mzuri ni wiki zinazofuata Mwaka Mpya. Mwezi wa Februari shule za Ufaransa hufunga kwa zamu, kanda baada ya kanda, na bei za vyumba hupanda, tena wengi hukodisha kuanzia Jumamosi hadi Jumamosi, kwa hiyo mwenye siku nne hulipia saba. Siku nne, Mheshimiwa Mhariri, hazitoshi kwa anayetoka huku. Safari ya ndege kutoka Luano, uwanja wetu wa ndege, kupitia Addis Ababa hadi Geneva, kisha basi la kupanda mlima, humla mtu siku nzima kwenda na siku nzima kurudi. Ukitoa hizo mbili, aliyetoka kwenye mvua ya joto ya Januari yetu anaachiwa siku mbili kwenye baridi ya chini ya sifuri, akiwa hajalala vizuri, na hapo ndipo haraka inapoanza. Sisi tumepanga nane: siku ya kwanza mlimani hatutavaa skii kabisa, tutatembea tu na kuzoea, kisha asubuhi nne za mafunzo, mchana tupumzike. Anayeanza hahitaji hata tiketi ya mlima mzima. Vituo vingi vina lifti za wanaoanza zenye bei ndogo au zisizolipishwa.

Nguo nitazitaja kwa ufupi. Pamba inashika jasho na kumgandisha mtu, basi ya ndani iwe ya sufu au ya sintetiki. Makoti mazuri ya theluji hufika hapa katika mabelo ya mitumba, na wauzaji hufurahi kuyaondoa kwa sababu hayana mteja. Miwani ya jua ni lazima, kwa kuwa theluji huurudisha mwanga machoni kutoka chini. Kofia ngumu ikodishwe pamoja na skii.

Goti lilichukua karibu mwaka mzima kupona, kwa upasuaji na kisha mazoezi ya kila asubuhi uani, akishikilia ukuta wa jikoni. Daktari wake sasa amemruhusu. Wengine wamedhani mimi ndiye ninayemsukuma arudi, lakini yeye ndiye aliyesema kwamba hataki theluji ibaki kwake ile aliyoiona akiwa amefungwa kwenye kitanda. Duka la safari hii lilitutumia fomu kabla, ijazwe kwa kila mtu. Mke wangu alipima uzito wake kwenye mizani ya zahanati ya mtaa wetu, akapima urefu wake mlangoni kwa futi ya fundi, akaandika mwenyewe kwa kalamu: kilo 69, sentimeta 164, na kwenye mstari wa ujuzi, anayeanza. Kisha akanipa kalamu, nijaze ya kwangu.

Wako mwaminifu,
Msomaji wenu wa Lubumbashi