Babu Yako Alikuwa Hana Jina la Ukoo

Mwanangu mpenzi,

Siku nilipomwambia bibi yako wa Tanga kwamba nimepata mchumba, ulimi uliteleza nikasema ni wa ukoo wa Kidachi. Kimya. Kisha akauliza, "Mdachi? Wale wa viboko?" Nikamweleza haraka kwamba Wadachi wa kwetu ni Wajerumani, hawa wa baba yako ni Waholanzi. Akashusha pumzi. "Haya. Waholanzi hatuna kesi nao."

Sasa nimesoma ujumbe wako. Umepekua vitabu vya ubatizo vya Kingston, New York, umerudi hadi miaka ya 1660, na jina la ukoo wenu hulioni. Huwezi kuliona, baba. Unamwita mtu kwa jina ambalo hajawahi kuitikia.

Waholanzi wale waliitana kama sisi watu wa pwani: jina lako, halafu la baba yako. Ali bin Hassan. Hendrick mwana wa Jan aliandikwa Hendrick Jansen, na mtoto wake Jan akawa Jan Hendricksen. Kila kizazi jina linageuka. Mtazame Cornelis Maessen, yaani Cornelis bin Maes, aliyetoka kijiji cha Buurmalsen, jirani na mji wa Buren, akafika Amerika mwaka 1631. Ni mwanawe Marten Cornelissen aliyechukua jina la Van Buren, "wa kutoka Buren". Katika uzao huo, mwaka 1782, akazaliwa kule Kinderhook Martin Van Buren, rais wa nane wa Marekani, ambaye Kiholanzi kilimtoka mdomoni kabla ya Kiingereza. Anayemtafuta Van Buren katika karatasi za 1631 atakesha bure. Waingereza walilitwaa koloni hilo la Waholanzi, ndiyo New York ya leo, mwaka 1664, na taratibu majina ya ukoo yakaganda, kila familia kwa wakati wake.

Mimi mwenyewe nilipoteza misimu miwili ya baridi nikimfuata babu asiye wetu, jina moja, kanisa moja. Baba yako alikuwa ananicheka tu. Nilitoka kwenye tope hilo nilipomwacha babu nikamfuata bibi, kwa sababu mwanamke wa Kiholanzi aliolewa na jina lake akabaki nalo, na karani wa kanisa aliliandika. Watazame pia mashahidi wa ubatizo: mara nyingi ni shangazi, mjomba, babu. Na mtoto alipewa jina la babu au bibi yake, kama wewe ulivyopewa la babu yako mzaa mama.

Lakini kuna jambo sikukuambia kwenye simu. Wosia wa mmoja wa babu hao ninao. Baada ya vitanda na farasi, kabla ya ng'ombe, pana "msichana mweusi", anaachiwa mjane. Jina hakuna. Hata sensa ya 1790 iliandika jina la mkuu wa nyumba tu, na watumwa wake wakawa tarakimu. Baba yako aliisoma karatasi ile, akaiweka mezani, akatoka kwenda kufyeka theluji ambayo haikuwepo.

Unamkumbuka Sojourner Truth, yule mama aliyepigania uhuru wa watumwa, ambaye kaburi lake tulikupeleka kuliona hapa Battle Creek, Michigan, ukalilia aiskrimu? Alizaliwa mtumwa karibu 1797 katika wilaya ya Ulster, hukohuko iliko Kingston, nyumbani kwa Waholanzi, na Kiholanzi ndiyo lugha aliyokua nayo. Akiwa na miaka kama tisa waliuza yeye na kundi la kondoo, kwa pamoja, dola 100. Utumwa New York ulikomeshwa kisheria 1827. Yeye alikuwa ameshaondoka kwa miguu yake mwaka mmoja kabla, kitoto chake mkononi.

Jumamosi ukifika Kingston, piga picha kurasa nzima, usikate pembezoni. Watumwa nao walibatizwa mara mojamoja, na huandikwa kwa jina moja chini ya la bwana wao. Vaa sweta.

Wosia ule nilimsomea bibi yako kwa simu, nikimfasiria. Habari za babu na mashamba yake alizisikiliza kwa adabu tu. Nilipomaliza akauliza, "Na huyo msichana, binti nani?"

Mama yako