"Nimeandika komandi, haifanyi kitu": kabla hujaomba kupigiwa window

Wiki hii mteja wetu mmoja wa Mwanjelwa, Mbeya, amelipa akiwa amenuna. Kazi zilikwama kwenye foleni ya printa ya steshenari yake, akahangaika nazo siku mbili, akaleta mashine. Sisi mafundi tukaandika mistari michache kwenye lile dirisha jeusi la komandi, karatasi zikaanza kutoka. "Yaani elfu kumi na tano kwa mistari mitatu?" Tunaelewa kwa nini imemuuma. Ila lalamiko hili linajirudia karibu kila mwezi, na karibu kila mara linakuja na sentensi ileile: nilifungua kama administrator kabisa (mwenye haki zote za mashine), nikaandika komandi, kompyuta ikanipuuza. Kwa hiyo tunaliandika lote hapa, pamoja na komandi zenyewe. Anayeweza kujifanyia, ajifanyie.

Kompyuta haikupuuzi. Ukiona komandi nyingine zinakubali na nyingine hazikubali, basi ama dirisha ulilofungua silo unalodhani, ama limesimama kwenye folda nyingine, ama linafanya kazi kwa jina la mtu mwingine, ama faili ya komandi yenyewe haionekani. Hakuna hata moja kati ya hayo linalohitaji kupiga window, yaani kusakinisha Windows upya.

Tuchukue printa hiyohiyo. Video aliyoifuata mteja inasema fungua Command Prompt yenye haki za administrator, andika sc stop spooler (simamisha spooler, huduma inayoshika foleni ya printa), futa foleni, kisha andika sc start spooler. Mashine yake ni Windows 10. Alibonyeza kitufe cha Start kwa upande wa kulia wa mausi, akachagua lililoandikwa Admin, na lililofunguka lilikuwa PowerShell, dirisha jingine la komandi lenye lugha yake. Kwa mtu mwenye haraka yote ni madirisha ya maandishi. Tofauti iko mwanzo wa mstari: PowerShell inaanza na herufi PS, Command Prompt inaanza moja kwa moja na C:\.

Ndani ya Windows PowerShell, sc si ile programu ya kusimamisha na kuwasha huduma. Ni kifupi cha Set-Content, maana yake andika maneno ndani ya faili. Ukiandika sc stop spooler, inatengeneza faili inayoitwa stop na kuandika ndani yake neno spooler. Haileti kosa wala ujumbe, mstari unarudi kimya na mshale unaendelea kupepesa. Kwenye mashine ya mteja tulizikuta faili mbili zimekaa ndani ya C:\Windows\System32, moja stop na nyingine start, kila moja ina neno moja tu, na saa zake ni za usiku aliokuwa anahangaika. Komandi zilitii. Zilifanya kazi ambayo hakuiomba.

Dawa ni fupi. Ukiwa ndani ya dirisha hilohilo la PowerShell, andika cmd kisha Enter. Herufi PS zitaondoka na haki za administrator zitabaki. Halafu:

net stop spooler
del /f /q %systemroot%\System32\spool\PRINTERS\*.*
net start spooler

Mistari mitatu, ndiyo. Lakini utazame vizuri ule wa katikati. Ukiingiza nafasi moja kwa bahati mbaya baada ya neno System32, umeiambia kompyuta ifute faili zilizo ndani ya System32 yenyewe, na kwa sababu ya /q haitakuuliza. Faili nyingi za humo zina ulinzi wake, si zote. Ndiyo maana sisi komandi ya kufuta hatuibandiki kutoka WhatsApp. Tunaichapa kwa mkono, tunaisoma herufi kwa herufi, kisha ndipo tunabonyeza Enter. Word, na kibodi za baadhi ya simu unapoandikia WhatsApp, zina tabia nyingine pia: alama za kunukuu zinageuzwa kuwa zile zilizopinda, na kistari kifupi kinageuka kirefu. Dirisha la komandi haliwatambui hao wageni, na kwa jicho huwezi kuona kasoro.

Lipo kundi la pili, na hili ndilo linalowachanganya watu zaidi: cd inafanya kazi, dir inafanya kazi, lakini ping, ipconfig na sfc zinajibiwa "is not recognized as an internal or external command". Mtu anahitimisha kwamba kirusi kimekula Windows. Sababu ni kwamba cd, dir, copy na echo zimo tumboni mwa cmd.exe yenyewe. Ping, ipconfig, xcopy na sfc ni faili zinazojitegemea ndani ya System32, na Windows inazipata kwa kusoma orodha ya folda inayoitwa PATH. Orodha ikiharibika, faili zipo ila hazionekani. Kipimo chake ni kuandika anwani nzima:

C:\Windows\System32\ping.exe 127.0.0.1

Ikijibu, tatizo ni PATH, na Windows yako ni nzima. Andika echo %PATH% uangalie. Lazima uone C:\Windows\system32, C:\Windows, C:\Windows\System32\Wbem na C:\Windows\System32\WindowsPowerShell\v1.0\. Kinachoiharibu mara nyingi ni maelekezo ya kusakinisha programu za kuandikia msimbo, yale yanayomwambia mwanafunzi atumie setx PATH yenye /M, inayogusa PATH ya mashine nzima. Setx inakata chochote kinachozidi herufi 1024. Inatoa onyo la mstari mmoja, nani analisoma? Vijana wa vyuo hapa mjini wanatuletea laptopu za namna hii kila muhula unapoanza.

Kabla ya kugusa, weka nakala ya ilivyo sasa, na kwa kuwa reg (komandi ya rejista, hifadhi ya mipangilio ya Windows) nayo ni faili ya System32, iandike kwa anwani yake nzima:

C:\Windows\System32\reg.exe export "HKLM\SYSTEM\CurrentControlSet\Control\Session Manager\Environment" D:\path-ya-zamani.reg

Kama huna D, weka kwenye flashi. Kisha bonyeza kitufe cha Windows na R, andika sysdm.cpl, nenda Advanced, kisha Environment Variables, na kwenye kisanduku cha chini chagua Path ukarudishe zile folda nne. Usifute nyingine usizozijua. Ukimaliza funga dirisha jeusi ufungue jipya, kwa sababu lile la zamani limeshika orodha ya zamani. Watu wengi wanarekebisha sawasawa, wanajaribu kwenye dirisha la zamani, wanakata tamaa.

Sasa la folda, na hapa ndipo hasara kubwa zinapotokea. Dirisha la kawaida linafunguka kwenye folda yako. Command Prompt ya administrator inafunguka C:\Windows\System32. Shule moja ya upande wa Tukuyu ilikuwa na faili ndogo ya kunakili matokeo kwenda kwenye flashi, mstari mmoja tu: xcopy Matokeo E:\Nakala /E /I /Y. Ilifanya kazi vizuri mpaka mtu alipomshauri mwalimu aibonyeze kwa Run as administrator "ili iwe na nguvu". Kuanzia siku hiyo ilikuwa inatafuta folda ya Matokeo ndani ya System32, inaikosa, inaandika "0 File(s) copied" na dirisha linajifunga kabla jicho halijafika. Kila Ijumaa mwalimu aliona dirisha jeusi likiwaka na kuzima, akaamini nakala imechukuliwa. Diski ilipokufa, flashi ilikuwa na matokeo ya muhula uliopita. Kuokoa data kwenye diski iliyokufa ni gharama mara kadhaa ya kazi yoyote iliyotajwa humu, na haina uhakika.

Kinga yake ni mistari miwili. Mwanzo kabisa wa faili andika cd /d "%~dp0", ambayo inaliambia dirisha lihamie kwenye folda ilipo faili hiyo. Mwisho andika pause, ili dirisha lisubiri usome. Na hiyo /d usiiache: ukiandika cd D:\Hesabu ukiwa C, dirisha halihami na wala halilalamiki. Linakumbuka tu kwamba ukienda D uanzie hapo. Hilo peke yake limewafanya watu wengi waseme komandi imekataa.

Ofisi zenye mtandao wa ndani zina yao. Chama cha msingi cha kahawa kule Mbozi kilikuwa na draivu Z inayofungua hesabu za kompyuta kuu. Kwenye skrini Z ipo, faili zinafunguka. Kwenye dirisha la administrator ukiandika Z: unaambiwa draivu haipo. Tangu Windows Vista, mtumiaji mwenye haki za administrator anapoingia anapewa vitambulisho viwili, cha kawaida na cha haki kamili. Draivu ya mtandao uliyoiunga kwa kitambulisho cha kawaida haionekani kwa kile kingine. Iunge upya ndani ya dirisha hilohilo kwa net use Z: \\SEVA\Hesabu, ukibadilisha majina yawe ya kwenu, au tumia pushd \\SEVA\Hesabu ikupe herufi ya muda, na popd ukimaliza. Ipo namba ya rejista inayoitwa EnableLinkedConnections ambayo inaondoa tatizo moja kwa moja. Sisi hatuiweki kwenye kila mashine. Kirusi kikipata haki za administrator kitakuta draivu zote za ofisi zimeshafunguliwa mlango, na hesabu za wakulima ni kitu cha kulindwa.

Karibu na hilo kuna suala la jina. Karani akibonyeza Run as administrator na meneja akaweka nywila yake, dirisha hilo ni la meneja. Chochote kitakachoandikwa kwenye %USERPROFILE%, yaani folda binafsi ya mtumiaji, kinakwenda kwa meneja. Andika whoami, utaona jina.

Mengine ni mepesi. Dirisha likiganda katikati ya kazi, tazama juu: kama kichwa chake kinaanza na neno Select, uligusa mausi ndani yake na likasimama kukusubiri. Bonyeza Esc. Wmic, komandi ya kuuliza taarifa za mashine inayotajwa kwenye video nyingi za zamani, haiji tena imewashwa kwenye Windows 11 toleo la 24H2. Namba ya mashine utaipata kwa PowerShell, andika Get-CimInstance Win32_BIOS. Gpedit.msc, ya kuhariri sera za Windows, haimo kwenye toleo la Home, na kuipakua mtandaoni kutoka kusikojulikana ni kujitafutia balaa. Dirisha likifunguka na kujifunga papo hapo, bonyeza Windows na R, andika cmd /d. Likikaa, kuna kitu kimewekwa kwenye AutoRun ya rejista (komandi zinazojiendesha kila cmd inapofunguka), na hapo mashine inastahili kukaguliwa yote.

Turudi kwenye bei. Njia ya mkato ambayo mteja huikimbilia ni kumwambia kijana yeyote ampigie window. Inaonekana rahisi, na tatizo kweli linaondoka. Linaondoka pamoja na programu ya hesabu ambayo leseni yake imefungwa kwa mashine ile, draiva ya printa, nywila zilizohifadhiwa, na nyaraka ambazo mtu alisahau kwamba ziko Desktop. Laptopu mpya nyingi diski yake imefungwa kwa BitLocker, kufuli la Windows la data yote, bila mwenyewe kujua. Sisi kabla ya kugusa tunaandika manage-bde -status, kwa sababu ufunguo usipokuwepo hakuna fundi atakayezifungua faili hizo.

Na pale Windows yenyewe inapokuwa imeumwa kweli, bado kuna hatua kabla ya kuipiga upya. Tunaanza na DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth, inayokarabati ghala la faili za Windows, halafu sfc /scannow, kwa mpangilio huo, maana sfc inachukua faili nzima kutoka kwenye ghala ambalo DISM imelitengeneza. Ya kwanza inapakua kutoka mtandaoni, na mtu anayetumia bando la simu anaweza kulimaliza kabla kazi haijaisha. Sisi tunatumia faili za Windows tulizonazo kwenye flashi, za toleo lilelile linaloonyeshwa na winver:

DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth /Source:WIM:E:\sources\install.wim:1 /LimitAccess

Ile 1 ya mwisho inategemea toleo, na tunaihakiki kwanza kwa DISM /Get-WimInfo /WimFile:E:\sources\install.wim. Ikisimama kwenye asilimia 62.3 kwa muda mrefu usiifunge, ni kawaida yake. Kompyuta ya mezani tunaiweka kwenye UPS, kwa sababu umeme ukikatika katikati ya hatua hii ndipo kazi ya elfu kumi na tano inageuka kubwa.

Kwa hiyo ile elfu kumi na tano ya mteja wa Mwanjelwa ilikuwa ya kuweka nakala ya nyaraka zake kwanza, kuzipata zile faili mbili System32 na kuziondoa, kukagua PATH na AutoRun, kuandika mistari mitatu bila kukosea, na kuchapa kurasa tano za majaribio mbele yake. Tukikagua na kukuta hakuna cha kurekebisha, unalipa elfu tano ya ukaguzi tu.

Mlioko Tunduma, Chunya au Makambako, msikimbilie kulipia basi lilete mashine. Pigeni picha ya dirisha zima mtutumie, kuanzia mstari wa juu kabisa wenye jina la dirisha mpaka mstari wa mwisho, na komandi mliyoandika ionekane. Picha ya ujumbe wa kosa peke yake haitusaidii, kwa sababu haionyeshi kama mstari ulianza na PS au na C:\.