Risala ya Klabu ya Maadili kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Mahafali

Mheshimiwa mgeni rasmi, mkuu wa shule, walimu, wazazi na walezi, wanafunzi wenzetu,

Karibu sana. Tungependa kutumia dakika hizi kueleza kwa nini mtu anayejua mema bado huteleza, na kinachomsaidia.

Anayekula fedha za kikundi aghalabu huanza na "naazima tu, kesho narudisha." Kesho inakuja na shida zake, kiasi kinaongezeka, na sasa lazima aandike uongo kwenye daftari ili kuziba pengo. Hapo kuazima kumeshageuka wizi. Kwa hiyo tunasisitiza utaratibu kuliko mahubiri: wawili wahesabu fedha pamoja, stakabadhi iandikwe mbele ya mtoaji, daftari lifungwe siku ileile, na mweka hazina asijikague mwenyewe. Mwaminifu asione anashukiwa. Utaratibu huu ndio utakaomtetea siku hesabu zikigoma.

Kwa mtu binafsi, dawa ni kuamua mapema. Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer alionyesha kuwa azimio la "ikitokea hivi, nitafanya vile" hutekelezwa zaidi kuliko nia ya jumla. "Nitakuwa mkweli" ni maneno matupu. "Nikinong'onezwa nitoe jibu kwenye mtihani, nitainamia karatasi yangu na kunyamaza" linashika, kwa kuwa uamuzi umepita kabla moyo haujaanza kwenda mbio. Na anayefaulu kwa kuangalizia hupewa nafasi asiyoiweza, akalazimika kuangalizia tena huko.

Zile siku 21 za kujenga mazoea zinazotajwa kila mahali tusizitegemee. Phillippa Lally na wenzake wa University College London walikadiria siku 18 hadi 254, kutegemea mtu na jambo. Namba ya katikati ni 66. Kuruka siku moja hakukuharibu kazi, kwa hiyo aliyeteleza Jumanne aendelee Jumatano. Benjamin Franklin, mwanasiasa na mwandishi wa Marekani wa karne ya 18, naye aliorodhesha sifa njema 13, akaikazania moja kila wiki. Iliyomsumbua zaidi ilikuwa kuweka vitu na shughuli zake kwa mpangilio!

Kosa likishatokea, liombewe radhi kwa kulitaja lenyewe, bila "lakini" wala "kama nimekukwaza". Kilichochukuliwa kirudishwe, na hapa ndipo wengi hukwama, maana maneno hayagharimu kitu. Kisha mkosaji aseme atabadilisha nini, wala asidai kusamehewe papo hapo.

Mheshimiwa, tuna maombi mawili. Kwanza, kila mhitimu apatiwe mtu mzima wa kumfuatilia kwa miezi mitatu ya mwanzo, anapoanza maisha yasiyo na kengele wala zamu. Pili, utusemee kwa wazazi: mtoto anayekiri kosa mwenyewe asiadhibiwe sawa na aliyefumaniwa, kwani atakachojifunza hapo ni kuficha vizuri zaidi.

Tunaomba kuwasilisha.