Jina peke yake halitoshi

Tanga, Jumapili usiku

Sahibu yangu Hamisi,

Salamu nyingi. Huku hatujambo, na mama anauliza utakuja lini.

Msimbo wako wa Java, ule unaotafuta methodi (kipande cha msimbo chenye jina lake) kwa refleksheni, yaani programu kujichunguza yenyewe ikiwa inaendeshwa, nimeusoma mara tatu. Herufi hukukosea. Methodi ya wekaUmri ipo, tena ni public, yaani iko wazi kwa wote, na bado unapata NoSuchMethodException, kosa la kusema methodi hiyo haipo. Tatizo ni kwamba umeitafuta kwa Integer.class, ilhali yenyewe inapokea int: int ni namba kamili tupu, Integer ni namba hiyo ikiwa imefungwa ndani ya kitu (object). Kwetu sisi ni namba ileile, lakini Java huitambua methodi kwa jina pamoja na aina za parameta zake, yaani thamani inazopokea. Ungeiita moja kwa moja, kompaila, programu inayotafsiri msimbo wako, ingekugeuzia aina bila wewe kujua. Ukipitia refleksheni huna msaidizi huyo. Methodi ya kutafutia, getMethod, inataka aina yenyewe hasa. Andika int.class, itaonekana. Ajabu ni kwamba ukishaipata, invoke, ile ya kuiitia, inapokea Integer bila shida. Ugumu wote uko kwenye kutafuta.

Linalonitia hofu zaidi ni lile jina ulilolifunga ndani ya alama za kunukuu. Kompaila hailikagui, kwake ni maandishi tu. Mwaka jana nilibadilisha jina la methodi moja kazini, nikasahau kwamba limeandikwa pia kwenye faili ya mipangilio. Programu ilijengeka vizuri kabisa, ikaja kuanguka siku mbili baadaye, mteja akiwa ameketi mbele yangu. Nilitamani ardhi inimeze.

Na heri inayoanguka, Hamisi. JUnit 3, zana ya kupimia programu za Java, ilikuwa ikisaka majaribio kwa refleksheni, ikiokota methodi za public ambazo majina yake yanaanza na test. Ukiteleza ukaandika tset, jaribio hilo linarukwa kimyakimya, mengine yanapita, nawe unakwenda kulala ukiamini kila kitu kimepimwa. JUnit 4, mwaka 2006, ikaleta alama ya @Test juu ya methodi, na jina likawa huru.

Nakusihi ufuate njia hiyo. Tunga anotesheni yako, yaani alama kama hiyo ya @Test, uibandike kwenye methodi unazotaka ziitwe, na uipe RetentionPolicy.RUNTIME, agizo la kuihifadhi hadi wakati wa kuendeshwa, la sivyo refleksheni haitaiona programu ikiwa inaendeshwa.

Ukikutana na InvocationTargetException, kosa linalotokea methodi uliyoiita kwa invoke inapoanguka, ita getCause. Kosa lenyewe limefichwa humo.

Nijulishe ukishajaribu, hata kama ni usiku wa manane.

Wako,
Juma