Waifai imepotea baada ya kusasisha Linux: kadi yako huenda ni nzima

Laptopu imesasishwa, imewashwa upya, na orodha ya mitandao ya waifai haipo. Wateja wengi hutuletea mashine ya namna hii wakiamini kadi imeungua. Mara nyingi kadi haina neno. Tatizo liko kwenye draiva, ile programu inayojua kuzungumza na chipu ya waifai, na inayokaa ndani ya kerneli, yaani kiini cha Linux kinachoendesha vifaa vya mashine.

Kwanza tunachunguza draiva hiyo imetoka wapi. Zipo zilizopokelewa ndani ya msimbo wa Linux wenyewe, na hizo hutunzwa pamoja na kerneli nzima. Mtu akibadilisha kitu kwenye mac80211, tabaka linalotumiwa na draiva nyingi za waifai tangu mwaka 2007, ni juu yake kurekebisha kila draiva iliyoguswa na badiliko lake. Ndiyo maana ath9k, iliyoingia mwaka 2008 kwa ajili ya chipu za Atheros, bado inafanya kazi kwenye kerneli za leo.

Draiva iliyopakuliwa kwingine na kujengwa pembeni haina wa kuitetea. Kerneli mpya hutoka kila baada ya wiki 9 au 10, na wasanifu wake wameshasema wazi kuwa hawaahidi kuacha mambo ya ndani yalivyo. Ahadi yao ni kwa programu za mtumiaji tu. Fanksheni moja ikibadilishwa jina, draiva ya pembeni haijengeki tena. DKMS, programu ya kusimamia draiva za pembeni, husaidia kwa kujaribu kuijenga upya kila kerneli mpya inapowekwa, lakini haiwezi kurekebisha msimbo uliopitwa na wakati. Hata ikijengeka, Secure Boot (ulinzi unaoruhusu programu zenye saini tu wakati wa kuwasha mashine) ikiwa imewashwa na draiva hiyo haina saini inayotambulika, kerneli huikataa.

Kwa hiyo hatusomi jina lililoandikwa kwenye boksi la adapta. Watengenezaji hubadilisha chipu ndani na kuacha jina lile lile. Tunasoma namba za utambulisho wa chipu kwa amri ya lspci -nnk au lsusb, kisha ujumbe wa kerneli kwa amri ya dmesg. Tukiona kosa namba -2 wakati wa kupakia femuwea, programu ndogo inayoendeshwa ndani ya chipu yenyewe, maana yake faili halipo. Hapo kazi ni nyepesi: tunaweka kifurushi cha femuwea na kuwasha upya. Kama mitandao mingine inaonekana na mmoja tu umejificha, tunaangalia mpangilio wa nchi, kwa sababu chaneli 12 na 13 haziruhusiwi kila mahali.

Kazi ngumu ni pale draiva ya ndani yenyewe inapoharibika kati ya toleo moja na jingine. Toleo moja la kerneli kwa kawaida hubeba mabadiliko zaidi ya 10,000, na hakuna anayeweza kuyasoma yote. Tunatumia git bisect, zana ya kutafuta badiliko lenye kosa kwa kugawa nusu kwa nusu: tunajenga kerneli ya katikati, tunaipima kwenye mashine yako, tunatupa nusu isiyo na kosa, tunarudia. Kwa raundi 14 hivi tunafika kwenye badiliko moja. Inachukua muda, maana kila raundi ni kerneli nzima ya kujengwa na kuwashwa, lakini ripoti inayotaja badiliko lenyewe ndiyo inayompa mtunzaji wa draiva pa kuanzia. Rekebisho likipokelewa kwenye kerneli, linawafikia wote wenye kadi kama yako, na wewe hulipii tena tatizo lile lile.

Kwa draiva ya pembeni iliyoachwa na mtengenezaji, ushauri wetu ni kubadilisha kadi. Tunaweza kuipachika viraka (marekebisho madogo ya msimbo) kila kerneli inapobadilika, ila hatuoni haki kukutoza kwa kazi isiyo na mwisho wakati chipu yenye draiva ndani ya kerneli ingemaliza shida. Ukitaka kununua, tutumie namba za utambulisho kwanza tukuangalizie. Wenye mashine nyingi tunawawekea kerneli ya muda mrefu, yaani toleo linaloendelea kupokea marekebisho kwa miaka, na kila sasisho linapita kwenye mashine moja ya majaribio kabla ya kusambazwa.

Kabla ya kutuletea mashine, usifute kerneli ya zamani. Iwashe kwa kuichagua kwenye menyu ya GRUB, ile inayotokea mashine inapowaka; waifai ikirudi, tuandikie namba za matoleo yote mawili, lililofanya kazi na lililogoma.