Swala wa Mikumi wana matuta yao: barua ya wazi kwa vijana wa bodaboda

Marahaba, wanangu. Nimetangulia kuitikia kwa sababu kila asubuhi mnanipa shikamoo hata sijafika kwenye benchi la kahawa, na mara nyingi nawajibu akili ikiwa kwingine. Leo nataka tuongee kuhusu helmeti, mwendo wa magari na matuta. Nimeona niandike, maana pale kijiweni akitokea abiria maongezi yanaishia hapo hapo.

Mnanijua kama babu wa magazeti. Wachache mnajua kuwa nimeendesha lori miaka 31, Dar hadi Tunduma na kurudi. Utingo wangu nilimzika mwenyewe. Gari lilituharibikia usiku, akashuka na matawi ya kutandaza nyuma ili wanaokuja wajue kuna lori limesimama. Basi likaja na mwendo wake. Nilipofika alipokuwa, matawi mengine bado alikuwa ameyakumbatia.

Juzi mmoja wenu alinipeleka kliniki. Nikaomba helmeti ya abiria. Akaichomoa kwenye usukani, akaipangusa kwa mkono wa shati, akanipa. Kifungo hakipo, mkanda umeungwa kwa kamba ya kiatu, na ndani sponji limepasuka katikati. Nikamuuliza, hii ndiyo ya kunikinga? Akacheka. "Hii ya trafiki tu, babu."

Basi tuanzie hapo. Anayebeba kazi kubwa ni lile sponji gumu jeupe la ndani, linalofanana na la maboksi ya samaki. Kichwa kikigonga lami, sponji linabonyea na kuumeza ule mshindo kabla haujafika kwenye ubongo. Likishabonyea halirudi, ndiyo maana helmeti iliyopata ajali kubwa ni ya kutupa hata kama nje inang'aa. Na mkanda usipofungwa, helmeti inaruka kivyake, kichwa kinakwenda lamini peke yake. Shirika la Afya Duniani linasema helmeti nzuri, iliyovaliwa sawasawa, hupunguza hatari ya kufa kwa zaidi ya mara sita. Umoja wa Mataifa una kanuni yake ya helmeti, Namba 22, tangu 1972. Iliyopimwa kwa kanuni hiyo ina kitambaa kilichoshonwa kwenye mkanda, na juu yake herufi E na tarakimu ndani ya duara. Nimekagua 11 pale kijiweni. Nimeikuta alama hiyo kwenye moja, na mwenyewe huiweka juu ya tenki.

Abiria wanakataa kuvaa, mtasema. Zinanuka jasho, zinaharibu msuko. Hebu zinuseni ninyi wenyewe kwanza. Helmeti inayoanikwa juani na kufutwa kwa kitambaa kibichi haimkimbizi mtu, na mwenye msuko mpeni muda ajifunge mtandio kwanza.

Sasa mtaniuliza, Umoja wa Mataifa wapi na kijiwe chetu wapi. Wakubwa wamekuwa wakikutana kuhusu ninyi muda mrefu. Mawaziri walikutana Moscow Novemba 2009, na mwaka uliofuata Umoja wa Mataifa ukatangaza muongo wa usalama barabarani, 2011 hadi 2020. Kisha wakakutana Brasília 2015, Stockholm Februari 2020, na Marrakech Februari 2025. Muongo wa kwanza ulipoisha na hesabu haijakaa sawa, wakatangaza wa pili, 2021 hadi 2030, kwa ahadi ya kupunguza vifo na majeruhi kwa nusu. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya 2023 inasema watu milioni 1.19 walikufa barabarani mwaka 2021. Dunia nzima vifo vilishuka asilimia 5 tangu 2010. Afrika vilipanda asilimia 17. Na kwa walio kati ya miaka 5 na 29, hakuna kinachoua wengi kuliko barabara. Hesabuni miaka yenu.

Mtu anaweza kusema mikutano ni posho na picha ya pamoja. Nami nilidhani hivyo, mpaka nilipokaa na hayo maazimio. Kuna jambo moja humo ambalo hakuna aliyeniambia katika miaka yote ya usukani: binadamu atakosea, na barabara itengenezwe ikijua hivyo, ili kosa lisiwe hukumu ya kifo. Bunge la Sweden lililipitisha wazo hilo mwaka 1997. Kule Stockholm wakakubaliana kwamba mahali ambapo waenda kwa miguu, baiskeli na magari vinachanganyika, mwendo usizidi kilomita 30 kwa saa. Sheria yetu kwenye makazi ni 50. Gari likimgonga mtoto kwa 30, mara nyingi mtoto huyo hupona. Kwa 50, hatari ya kufa inapanda sana.

Tusidhani wazo hili ni la Wazungu tu. Nimepita katikati ya Hifadhi ya Mikumi mara nyingi kuliko nilivyokwenda kwa wakwe. Kilomita 50 hivi za hifadhi, mwendo una kikomo, matuta, na mabango ya faini kwa anayemgonga mnyama. Hakuna aliyempigia swala semina ya kuvuka. Tulijua swala ni swala, tukapunguza magari mwendo. Watoto wa shule yetu hapa mtaani hawana hata tuta moja.

Ndiyo maana redio ikisema "uzembe wa dereva" na kufunga habari hapo, mimi huguna. Uzembe upo. Msinifanye kisingizio mkipiga mishikaki, abiria wawili watatu kwa pikipiki moja, au mkipita upande usio wenu kwa sababu hesabu ya tajiri mwenye pikipiki inasubiri jioni. Hiyo hesabu naielewa, nimeishi kwa posho ya safari, najua mtu anavyoiba usingizi kwa ajili ya elfu tano. Lakini mkikubali kwamba kila kosa ni lenu, hamtaomba barabara iliyo bora, na hamtapewa.

Inawezekana, na si kwa mabilioni. Hapa hapa Dar es Salaam shirika la Amend limeweka matuta, zebra, vizuizi na njia za miguu kwenye maeneo ya shule, kazi ambayo mwaka 2019 ilipata tuzo ya kimataifa. Vitu vya zege na rangi tu.

Kwetu, lami ilipofika tulipiga vigelegele, na mwendo ukapanda wiki hiyo hiyo. Ninyi ndio mnaojua ni saa ngapi watoto wanamwagika getini na gari zinatokea kona ipi. Kwa hiyo nimeandika barua kwa serikali ya mtaa, ili waipeleke TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, ya kuomba matuta mawili na zebra. Inahitaji mchoro wa ile kona, na majina ya kila anayeegesha kijiweni na sahihi yake. Jumamosi saa moja asubuhi nitakuwa kwenye benchi la kahawa. Mwenye mwandiko mzuri aje mapema, wangu umeanza kutetemeka.