Mgonjwa wa glakoma afuatiliwe hata baada ya leza

Kwa Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie tiba ya leza, yaani mwanga maalumu wa kushusha presha ya ndani ya jicho, kwa glakoma ile ya kawaida, ambayo huila neva ya jicho taratibu, bila maumivu, na uoni unaopotea haurudi tena. Rai yangu ni kwamba hospitali zetu hapa Kenya ziitumie leza mapema zaidi, lakini zikome kumwachilia mgonjwa kana kwamba amepona.

Katika utafiti wa LiGHT uliofanywa Uingereza kwa wagonjwa 718, walioanzishiwa leza walilinganishwa na walioanzishiwa dawa ya matone. Baada ya miaka 6, takriban macho 70 katika kila 100 ya kundi la leza yalikuwa na presha ya jicho inayotakiwa bila matone wala upasuaji, na macho yaliyohitaji kupasuliwa ili kushusha presha yalikuwa 13 kwa jumla, ilhali katika kundi la matone yalikuwa 32. Kwa mzee ambaye mkono unamtetemeka na nusu ya dawa inamwagikia shavuni, au anayekatiza dawa kila pesa zinapokosekana, hilo si jambo dogo.

Hata hivyo, hali yetu inakaribiana zaidi na ya Moshi, Tanzania, ambako wengi hufika hospitalini ugonjwa umeshakomaa. Utafiti wa KCMC, hospitali ya rufaa ya huko, uliochapishwa 2021 ulionyesha kwamba baada ya mwaka mmoja leza ilifaulu katika asilimia 61 ya macho, na matone ya timolol katika asilimia 31. Leza ilishinda kwa mbali, lakini karibu macho 4 katika kila 10 hayakufikia lengo, na mwenye jicho kama hilo hana namna ya kujua asipopimwa, kwa sababu presha inayopanda haiumi.

Mama yangu alipigwa leza katika hospitali moja hapa jijini. Alitiwa dawa ya ganzi, akaweka kidevu kwenye mashine, na dakika chache baadaye akaambiwa, "Tumemaliza, mama, nenda nyumbani." Hakupewa tarehe ya kurudi. Alipokuja kupimwa kwingine, presha ilikuwa imepanda tena, na sehemu ya uoni wa pembeni ilikuwa imekwisha kwenda. Leza ya aina hii inaweza kurudiwa nguvu yake inapopungua. Kilichokosekana ni mtu wa kumwita.

Ninaiomba Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA), inayosimamia bima ya afya ya umma, iweke malipo ya leza na ya vipimo vinavyofuata katika fungu moja, na kila kliniki ya macho iwe na daftari la waliopigwa leza pamoja na nambari zao za simu. Mikopo ya simu hutukumbusha madeni kila siku. Kliniki nayo haishindwi kutuma ujumbe mfupi. Tena mgonjwa anapoitwa, waitwe pia ndugu zake wa tumbo moja na wanawe watu wazima wapimwe, kwa kuwa ugonjwa huu hufuata ukoo.

Msomaji wako,
Umoja, Nairobi